Barua Nne za Kwenda Butunzilo

Mwanamke mmoja alifika siku ya Jumanne, mwezi wa Juni 1955, nikiwa ndiyo kwanza nafungua dirisha. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kaa miaka minane katika posta ndogo ya Nyakasubi, kwenye njia itokayo machimbo ya dhahabu ya Geita kuelekea barabara ya Biharamulo. Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mizani, meza, kabati la chuma na benchi la nje. Mimi Marselino ndiye niliyekuwa karani, mpima vifurushi na mfagiaji.

Hakuja dirishani. Alisimama nyuma ya watu, na walipokwisha kuhudumiwa wote akabaki palepale, kama mtu aliyechorewa mstari chini asiuvuke.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mama, ingawa mimi ni Msumbwa wa Ushirombo.

"Mwangaluka, baba."

Akatoa karatasi kifuani, akaiweka juu ya benchi, kisha akarudi nyuma ili nikaichukue mwenyewe. Ilikuwa hati ya daktari yenye mhuri. Ilisema kwamba Mbuke binti Maige, mwenye umri wa miaka thelathini na sita hivi, amepona ukoma tangu mwaka 1953 na hawezi kumwambukiza mtu yeyote.

"Nimeisoma," nikamwambia. "Sogea tuzungumze."

Akasogea hatua mbili. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili, na mguu mmoja aliuburuta kidogo. Uso ulikuwa mzima, wa mtu mpole asiyependa kutazamwa.

"Natafuta kijiji changu," alisema. "Butunzilo. Nilifika jana. Hakipo."

Nilijua kwamba Butunzilo hakipo. Kila mtu wa Nyakasubi alijua. Mwaka 1946 mbung'o walikuwa wamezidi upande ule, watu wakafa kwa malale, na serikali ikaamuru kijiji kizima kihame. Malori yalikuja kwa siku tatu, yakabeba watu, mitungi na kuku. Mimi nilifika Nyakasubi mwezi wa Machi mwaka uliofuata, nikakuta habari hiyo imeshapoa. Butunzilo lilikuwa jina la pori.

Nilimweleza hayo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Niliona mawe ya kusagia," alisema. "Niliona na minyaa ya boma letu, imekuwa mirefu kama miti. Nikafikiri wamekufa wote. Halafu nikafikiri, hapana, mtu akifa hachukui milango. Milango imechukuliwa."

Alikaa kwenye benchi, na kidogo kidogo akanisimulia maisha yake. Aliolewa akiwa msichana. Alipopata mtoto wa kike, mabaka yakamtokea mgongoni, na mumewe akamrudisha kwa wazazi wake Butunzilo, yeye na mtoto. Baba yake, Maige, alikuwa ameshafariki. Mama yake, Minza, alimjengea kibanda nyuma ya boma, na kwa mwaka mmoja akawa anampelekea chakula. Mwaka 1941 mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alisema mgonjwa hawezi kuendelea kukaa pale. Mbuke akapelekwa ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakoma iliyotunzwa na masista. Mtoto, Melania, alikuwa na miaka miwili. Alibaki mgongoni kwa bibi yake.

"Sikulia mbele yake," alisema. "Nilimwambia naenda kuchota maji."

Kambini alijifunza kusuka mikeka. Mwaka 1944 alimtumia mama yake kifurushi chenye mkeka na gauni dogo la mtoto, na baadaye akasikia kwamba kimefika. Halafu vita vikaisha, na alipoanza kutuma barua zilizoandikwa na sista mmoja, zote zikarudi. Barua nne. Kila moja ilirudi ikiwa imefungwa vilevile, na maneno ya wino mwekundu juu ya bahasha. Sista alimsomea kwamba kijiji hakipo, lakini yeye alidhani hicho ni kisingizio cha watu wake wasiotaka kuzipokea. Baada ya ile ya nne alimwomba sista asiandike tena.

Mwaka 1950 vidonge vipya vilifika kambini. Miaka mitatu baadaye daktari alimwambia amepona na anaweza kwenda kwao. Hakwenda. Alibaki miaka miwili akiwaosha wagonjwa vidonda vyao na kuwapikia.

"Ningekwenda wapi, baba? Watu wakirudisha barua yako mara nne wamekwisha kukuambia neno lao. Wamenikataa kwa ugonjwa, na sikuwalaumu. Lakini mwaka huu nikasema, hapana, nitakwenda wanikatae nikisikia kwa masikio yangu."

Nilimwomba angoje, nikaingia ndani, nikafungua kabati.

Barua za kawaida hazikuandikwa popote, lakini sista yule alikuwa mwangalifu: barua zote nne alizituma kwa rejista ili zisipotee njiani. Kwa hiyo zilikuwa kitabuni. Nilianza na kitabu cha 1944, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na kifurushi. Nilikiona ukurasa wa kumi na saba, kwa mwandiko mzuri wa Mzee Thobias, karani aliyenitangulia. Minza, mjane wa Maige, Butunzilo. Kando yake, mahali pa kutia sahihi, palikuwa na alama ya dole gumba.

Nilimpelekea kitabu nje, nikamwonyesha.

"Hilo ni dole la mama yako."

Hakugusa ukurasa. Aliinama akaliangalia kwa muda mrefu. "Ana kovu hapo," alisema. "Aliwahi kujikata na mundu." Na kweli, katikati ya ile mistari ya dole palikuwa na mstari mweupe mwembamba, usiochukua wino.

Nilirudi ndani nikachukua vitabu vya miaka ya mbele. Desemba 1947, barua ya kwenda kwa Minza, Butunzilo. Aprili 1948. Novemba 1948. Februari 1950. Kando ya kila moja palikuwa na maneno yaleyale ya wino mwekundu: *Kijiji hakipo. Rudisha.* Mwandiko ulikuwa wangu.

Sikuwa nimezikumbuka hata kidogo. Ndilo jambo lililonisumbua zaidi baadaye. Mtu amekata tamaa ya kwao miaka mitano kwa maneno matatu, na aliyeyaandika hana hata kumbukumbu ya siku ile, kama alikuwa na njaa au alikuwa anaongea na mtu.

Ningeweza kufunga kabati. Nasema wazi kwamba wazo hilo lilinijia. Badala yake nikaanza kutafuta tena, maana Mzee Thobias hakuwa mtu wa kuacha mambo nusu nusu. Chini kabisa, chini ya fomu za zamani zilizoliwa na mchwa pembeni, nilikuta daftari la shule lenye jalada la kijani. Nilikuwa nimeliona mara nyingi nikilisogeza, nikidhani ni hesabu za mafuta ya taa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa Agosti 1946.

*Watu wa Butunzilo wanahamishwa. Katekista wao, Donatus, ameniletea orodha hii leo kabla ya malori kuja. Barua zao zote zipelekwe kwake, Buseresere.*

Chini yake ilifuata orodha ya nyumba arobaini na tatu, kila moja na mkuu wake. Sijawahi kusoma kitu chochote polepole kama nilivyosoma orodha ile. Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa hivi: Minza, mjane wa Maige. Bujiku, mwanawe. Melania, mjukuu. Na mstari wa mwisho wa nyumba hiyohiyo: *Mbuke, binti yake, yuko kambini kwa matibabu. Barua zake apewe mama.*

Nilitoka nje na lile daftari. Nikaketi kwenye benchi, mwisho mmoja, naye yuko mwisho wa pili.

"Mayu, nina maneno mawili," nilimwambia. "La kwanza ni hili. Siku walipohama waliandikwa wote, na wewe uliandikwa pamoja nao. Ulikuwa umeondoka miaka mitano, lakini mama yako alikutaja nawe ukahesabiwa."

Nilimsomea mstari ule. Aliniomba nimwonyeshe jina lake liko wapi, nikamwonyesha kwa kidole.

"La pili ni kwamba hawakukukataa. Barua zako hawakuziona. Mimi ndiye niliyezirudisha. Maelekezo yalikuwa ndani ya kabati na mimi sikuyasoma."

Mwendesha baiskeli alipita, akatusalimu, nikaitikia mimi tu. Nilingoja anitukane, na nadhani ningepata nafuu kama angenitukana.

"Wewe?" aliuliza mwishoni.

"Mimi."

"Nilikuwa nafikiri ni kaka yangu," alisema. "Miaka yote hii nimemchukia Bujiku."

Siku ile nilimwandikia katekista Donatus barua, nikaituma kwa rejista, kisha nikamchukua Mbuke hadi nyumbani kwangu angojee majibu. Mke wangu, Zipora, aliisoma ile hati ya daktari mara mbili, akaniita jikoni.

"Daktari akisema amepona, basi amepona," alisema. "Ila utanisamehe nikimtengea sahani yake."

Kwa siku tatu alimtengea sahani yake. Siku ya nne nilirudi mchana nikawakuta wanakula ugali na mlenda katika sahani moja, wakizungumza Kisukuma kwa kasi ambayo sikuiweza. Sikuuliza kilichotokea.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na sita. Niliifungua barua mbele ya Mbuke na kumsomea kama ilivyokuwa. Donatus aliandika kwamba hakutegemea kulisoma jina la Mbuke tena. Walikuwa wamemwombea kama marehemu tangu mwaka 1949. Habari zake zilipokatika kabisa, Minza alikuwa akimwendea kila Jumapili kumuuliza kama posta imeleta neno. Yeye Donatus aliwahi kuandika mara moja kuulizia, lakini jina la kambi lilikuwa kwenye karatasi ya kile kifurushi, na karatasi ile ilipotea siku ya malori. Hakujua aandike wapi hasa, na barua yake haikujibiwa. Minza alifariki mwaka 1952, wakati wa mvua, na kaburi lake linajulikana. Bujiku alikwenda Mwadui kwenye mgodi wa almasi mwaka uliofuata, akamchukua Melania akae naye. Msichana amesoma hadi darasa la sita.

"Rudia hapo pa mama," Mbuke alisema.

Nilirudia.

"Alikufa akijua nimekufa," alisema, "na mimi nikijua amenikataa." Aliondoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Zipora alimfuata. Mimi nilibaki na barua mkononi.

Niliomba likizo yangu ya mwaka. Nilimwambia Mbuke kwamba nitamsindikiza hadi Mwadui, hakunikatalia wala hakunishukuru. Tulipanda lori hadi kwenye kivuko, tukavuka, tukapanda treni Mwanza hadi Shinyanga. Katika behewa alikaa dirishani akiufunika mkono wake kwa khanga. Abiria mmoja alimuuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa binti yangu," alijibu, na nikamwona ameshtushwa na maneno yake mwenyewe.

Mwadui ilikuwa imezungushiwa uzio, na mgeni hakuingia mpaka aitwe na mkaazi. Tulipeleka salamu ndani kwa mlinzi, tukakaa nje ya geti tangu asubuhi hadi saa nane. Bujiku alitoka akiwa na nguo za kazi, mtu mpana, nywele zimeanza mvi. Alikuwa ameshapata barua ya Donatus. Alisimama mbele ya dada yake, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mbuke," alisema.

Nyuma yake alikuja msichana mrefu, amevaa gauni la bluu. Alipiga goti kidogo kama afanyavyo mtoto aliyelelewa na bibi.

"Shikamoo."

"Marahaba," Mbuke alijibu. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya khanga.

Walitazamana. Kisha msichana akauliza, kwa sauti ya chini isiyokuwa na hasira, na kwa hiyo ikauma zaidi: "Kwa nini hukutuandikia?"

"Niliandika."

Bujiku akatikisa kichwa. "Dada, hatukupata barua hata moja. Mama alingoja mpaka akachoka."

Mbuke hakunigeukia. Ningekaa kimya siku ile asingenitaja, nina hakika. Nikasema, "Aliandika mara nne. Mimi ni karani wa posta ya Nyakasubi. Mimi ndiye niliyezirudisha, kwa kutosoma maelekezo."

Bujiku alinitazama kwanza kama mtu asiyeelewa lugha. Halafu akavaa kofia yake, akaondoka, akatembea kandokando ya uzio mpaka akawa mdogo. Tulimngoja. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Umekuja mwenyewe kuyasema haya," aliniambia. "Wengi wasingekuja. Lakini usiniombe leo nikusamehe."

"Sikuombi."

Mbuke alikuwa akifungua kikapu chake. Kutoka chini, ndani ya kitambaa, alitoa bahasha nne, kingo zake zimelainika kwa kushikwa. Hazikuwa zimefunguliwa kamwe. Alimpa Melania. Mkono ulitoka kwenye khanga bila yeye kuufikiria, na msichana aliuona, akapokea.

Alifungua ile ya kwanza, ya mwaka 1947, akaisoma kwa sauti kwa sababu mjomba wake hakujua kusoma. Ilikuwa fupi. Ilimsalimu Minza, ikauliza habari za mvua na za ng'ombe mwenye pembe moja. Halafu ikasema: *Melania sasa anang'oka meno. Mwambieni asifiche mdomo akicheka. Mimi nilificha na bado najuta.*

Msichana aliacha kusoma. Akaweka kiganja mdomoni, kisha akakiondoa.

Hakumkumbatia mama yake siku ile. Ningependa kusema alimkumbatia, lakini haikuwa hivyo. Alimchukulia kikapu, akamtafutia kivuli ubavuni mwa kibanda cha mlinzi, akaenda ndani akarudi na maji na viazi vya kuchemsha. Waliketi pamoja, na barua tatu zilizobaki alizisoma kimya, peke yake, huku Mbuke akimwangalia usoni kujua amefika wapi.

Mbuke hakubaki Mwadui. Bujiku alikuwa na chumba kimoja na watoto watano, na Mbuke mwenyewe alisema hawezi kuishi ndani ya uzio tena, hata ukiwa wa watu wema. Alikwenda Buseresere. Donatus alimkatia kipande cha shamba karibu na kanisa, na watu wa Butunzilo waliokuwa bado kule wakamjengea nyumba. Si wote waliokuja kujenga. Wapo waliopita mbali na mlango wake kwa mwaka mzima, na mmoja aliyewakataza watoto wake kununua mikeka yake. Aliyajua hayo na hakuyazungumza. Alipanda mihogo, akasuka mikeka, na kila mwezi aliamka mapema akaenda kulisafisha kaburi la mama yake.

Nalo lile daftari la kijani halikurudi chini ya fomu. Nililiweka juu ya meza. Nyumba arobaini na tatu; nikaanza kuuliza moja baada ya nyingine. Donatus aliniambia alizozijua, na hao wakaniambia za wengine. Wawili walikuwa wachimbaji Geita. Mmoja alikuwa mpishi Kahama. Familia moja ilikuwa imerudi Usukumani, karibu na Shinyanga mjini, na haikujua kwamba ndugu zao wako hai siku moja ya safari kutoka hapo. Niliwaandikia wote, kwa wino wa bluu. Katika miaka mitatu nilizipata nyumba thelathini na nne. Tisa sikuzipata. Huenda wamebadili majina, huenda malale yaliwafuata. Majina yao ninayo.

Bujiku alinitumia salamu mwaka 1957, kupitia mtu mwingine, na sikuuliza kama zilikuwa msamaha.

Agosti 1958 Melania aliolewa na kijana fundi seremala wa Buseresere. Alitaka harusi ifanyike kwa mama yake, ndivyo alivyosema, *kwa mama*, nami nilikuwapo nikamsikia. Walikuja watu kutoka nyumba ishirini na mbili za orodha ile, wengine hawakuwa wameonana tangu siku ya malori. Mimi na Zipora tulipewa mkeka upande wa jamaa wa bibi harusi. Nilitegemea machozi, na yalikuwepo, lakini si mengi. Kwa sehemu kubwa ya mchana wazee walibishana kisima cha Butunzilo kilikuwa upande gani wa njia. Mzee mmoja, Masele, alisema kushoto ukitoka kanisani. Wengine wakasema kulia, maana ng'ombe walikunywa kabla ya kuvuka. Walichora chini kwa fimbo, wakafuta, wakachora tena.

Mwishowe mmoja akasema, "Tumuulize Mbuke. Kati yetu sote ndiye aliyekiona kijiji mwisho, alipopita akitoka kambini."

Alikuwa jikoni anapakua wali. Akatoka na mwiko mkononi, akaiangalia ile michoro mavumbini, akafikiri.

"Kushoto," alisema. "Lakini njia ndiyo iliyohama. Kisima hakikuhama."

Ubishi ukaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko kwanza, naye akarudi kuendelea kupakua.